Utosi wa Shangazi Nyachuol

Jumanne, 12 Machi 2013

Shajara hii nimepewa na Daktari Jelagat wa kliniki ya ngozi kule Lodwar. Ni ya mwaka jana, Jumatatu zake si Jumatatu zetu, lakini karatasi ni karatasi. Ameniambia niandike mambo matatu kila nikipiga picha: tarehe, mwanga, na sehemu ya kichwa. Nikamwambia sawa daktari. Lakini kurasa ni nyingi na mimi nina maneno mengi, kwa hiyo ataniwia radhi.

Kwanza mwandishi ajulikane. Mimi ni Tut, Mnuer wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma One, mpiga picha. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hiari yangu, siku mwalimu aliposema nirudie. Kurudia ni kwa asiyeelewa. Mimi nilielewa, mtihani ndio haukunielewa mimi.

Kazi niko studio ya Malith. Malith ni Mdinka, mrefu kama nguzo ya simu, na anajiita bosi kwa sababu mashine ya kutoa picha ni yake. Ukutani tumechora maporomoko ya maji na ndege inayopita juu yake. Msumarini kuna koti moja na tai moja za wateja, na kitana na kioo tumevifunga kwa kamba ili visitembee.

Leo akaingia mama mmoja mfupi, miwani puani, akatoa kadi ya kamera. "Kijana, nitolee hizi."

Nikafungua. Picha ya kwanza ya kijivu, imejaa matundu, vijiti vyeusi vimesimama huku na huku. Nikamwuliza, "Mama, mmefika mwezini lini na hatukuambiwa?"

Malith akanikanyaga mguu. Mama akacheka mpaka miwani ikashuka. "Huo ni utosi wa mtu. Ngozi ya kichwa, kwa karibu sana."

Kumbe ndiye daktari. Ana lensi ndogo yenye taa yake, unaivalisha kamera halafu unaibandika kichwani kama unayepiga muhuri. Anatafuta wanawake ambao nywele zao zinakatika na kuacha kovu, ili apime ugonjwa umefika wapi. Shida yake ni mikono. Mmoja wa kugawa nywele, mmoja wa kushika kichwa, wa kamera hana.

"Mkono wako unatetemeka?" akaniuliza.

"Mkono huu? Huu unaweza kumpiga picha nzi akipiga mswaki."

Nimeajiriwa. Malith anasema sasa mimi ni mpiga picha wa vipara. Wivu huo.

Alhamisi, 14 Machi

Mwanga: taa ya lensi. Sehemu ya kichwa: hakuna. Subiri nieleze.

Jumapili iliyopita kanisani ilitangazwa kwamba wanawake wenye shida ya nywele waje ukumbini leo, watapigwa picha na daktari. Wakaja. Mungu wangu, walivyokuja! Walisukwa jana, mistari imekazwa hadi nyusi zimepanda juu. Wengine wamevaa wigi. Mmoja kaja na mtoto amevalishwa tai.

Daktari akasimama mlangoni na pamba yake mkononi. "Lakini si nilisema nataka kuona ngozi?"

"Daktari," nikamwambia, "ulisema picha. Hapa kwetu mtu haji kupigwa picha kama anayekwenda kuchota maji."

Siku nzima tumefumua. Na kila niliyemwuliza kasukwa na nani, alijibu jina moja: Nyachuol. Yaani shangazi yangu.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi Nyachuol ni dada ya baba. Amenilea tangu tulipovuka mpaka, kwa ugali, maombi na vijiko vya mgongoni. Ana kibanda cha kusuka karibu na soko la Waethiopia, anafanya kazi na Mkongomani mmoja mnene mwenye roho safi, Godelieve. Shangazi husuka kambi nzima, lakini yeye mwenyewe hatoi kitambaa kichwani, hata jikoni.

Leo tulipotoka kanisani upepo wa Kakuma ukafanya kazi yake. Kitambaa kikaruka, nami nikaona. Utosini hamna kitu. Ngozi inang'aa, mviringo kama kitako cha sufuria, na juu yake amepaka kanta, ile rangi nyeusi ya nywele, ili kwa mbali paonekane peusi.

Nikasema, "Shangazi, kumbe nyumbani tuna uwanja wa ndege na bado tunapanda malori?"

Alinipiga kwa kitana. Halafu akaingia ndani akafunga mlango, na jioni hakuniita kula. Hilo halijawahi kutokea.

Godelieve akanivuta kando. "Weye Tut, uko mujinga sana. Ile haiko kitu ya kucheka. Mama iko anaogopa. Kila mwezi ile kitu inakula pembeni kidogo, inakula kidogo. Ikifika hapa mbele, kitambaa itaficha nini? Nani ataleta kichwa yake kwa musukaji hana nywele?"



Alhamisi, 21 Machi

Mwanga: taa ya lensi. Sehemu ya kichwa: utosi, wa Shangazi.

Nilimbembeleza siku tatu. Nikamwambia daktari ana picha za mwezi. Nikamwambia itabaki siri. Mwisho nikamwambia samahani, hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Daktari alichovya pamba katika spiriti akamfuta utosi polepole, kisha akagawa nywele, nami nikabandika lensi. Tukaiweka picha kwenye kompyuta yake ndogo. Shangazi alikiangalia kichwa chake kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani.

"Mama," daktari akasema, "kila unywele una tundu lake. Hapa katikati unaona ngozi nyeupe, laini, haina matundu? Kovu limeyaziba."

"Kama visima vya mchanga kwenye mto mkavu wa Tarach," nikasema. "Maji ya laga yakipita, vingine vinafukiwa."

"Vizuri. Lakini hivyo mnachimba upya. Hivi havichimbiki." Akasogeza kidole pembeni ya picha. "Hapa sasa, unywele upo, na umezungukwa na duara la kijivu kama kola ya shati. Hapa moto bado unawaka chini, ila tundu li wazi. Hapa ndipo vita yetu."

Shangazi akauliza swali moja tu. "Nywele zitarudi?"

"Za katikati, hapana. Sitakudanganya. Za pembeni tunaweza kuzilinda. Ushindi wetu ni kidonda hiki kisisonge."

Ana kipimo chake, sifuri hadi tano. Sifuri ni mzima, tano ni kichwa kimekwisha. Shangazi ni tatu. Nikamwambia, "Usijali, ni kama shule. Wewe uko la tatu, mimi nilifika la saba." Daktari akasema katika shule hii hakuna anayeomba kupanda darasa.

Ili tujue baadaye kama ugonjwa umesonga, tulihitaji alama. Tukaipata: kovu dogo la utotoni, alipoangukia kigingi cha ng'ombe, dogo kama punje ya mtama. Liko upana wa vidole viwili kutoka ukingo wa kipara. Ukingo ukifika kwenye punje, tumeshindwa. Shangazi alirudia neno hilo njiani, "punje, punje," kama mtoto aliyetumwa dukani.

Amepewa dawa ya kupaka, vidonge, na sindano ndogo ndogo pale pembeni. Hakulia. Amekatazwa dawa ya kulainisha nywele, amekatazwa kukazwa mistari. Msusi amekatazwa kusukwa! Nimeicheka hiyo moyoni tu. Ninakua.

Alhamisi, 28 Machi

Vumbi. Vichwa sita. Wigi moja lilianguka kwenye ndoo.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Malith ametoa koti la wateja nje lioshwe na Mungu.

Jumanne, 9 Aprili

Habari kubwa. Nyawal, binti wa kwanza wa Shangazi, ameposwa na Kong, yule mwalimu wa chekechea. Ng'ombe wa mahari watahesabiwa kule nyumbani na wajomba, harusi ya kanisani ni hapa, tarehe 25 Mei. Shangazi amepiga vigelegele, kisha akagusa kitambaa chake. Mimi nilimwona. Mama wa bibi harusi huangaliwa kuliko bibi harusi.

Alhamisi, 18 Aprili

Daktari kaja, kamchoma Shangazi sindano za pili. Nakeno, mama wa Kiturkana anayetuletea kuni, alichungulia mlangoni. Kichwa chake kimenyolewa pande zote mbili, juu amebakiza vishungi vidogo vilivyosokotwa.

"Ejok," akasalimu. "Munafanya nini na kichwa ya watu?"

Nikamweleza. Akacheka. "Sisi tunanyoa mapema. Ukisha nyoa mwenyewe, nani atakunyang'anya?"

Shangazi alimtazama kwa jicho baya. Lakini kuni akanunua.

Jumamosi, 27 Aprili

Tarach imejaa. Maji mekundu yanabeba miti mizima. Hakuna gari kutoka Lodwar.

Alhamisi, 2 Mei

Mwanga: taa ya lensi. Sehemu ya kichwa: utosi. Mpiga picha: Tut, peke yake!

Leo ilikuwa siku ya picha ya pili ya Shangazi. Daktari kapiga simu, barabara imekatika, hawezi kufika. Lensi iko kwangu, nimeitunza ndani ya soksi safi. Nikamwambia, "Daktari, usiumize kichwa, vichwa niachie mimi." Akasema haya, ipige, uniletee kadi njia ikifunguka.

Nikamwambia Shangazi jana yake, kesho picha. Leo akaja studio amevaa kitenge kipya, amepaka mafuta, ananukia. Nikagawa nywele, nikaitafuta punje, nikabandika lensi. Mkono haukutetemeka.

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Pale palipokuwa peupe, sasa nukta nyeusi! Nyingi, zimetapakaa kama mbegu shambani.

"Malith! Njoo uone!" Malith akaja, akainamisha shingo yake ya twiga. "Hizo ni nini?"

"Nywele! Zinaota!"

Shangazi akanishika mkono. "Tut, usinitanie."

"Sikutanii. Hii ni Kitale, Shangazi. Hii ni msitu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya maporomoko ya maji, akalia huku anacheka. Sijawahi kumfanyia mtu jambo zuri hivyo kwa kubonyeza kidude kimoja.

Ijumaa, 3 Mei

Nimeitoa picha kubwa, nimeibandika kwenye kibanda cha kusukia. Watu wanapanga mstari kuangalia. Wazee wawili wameniuliza kama lensi inatibu hata magoti. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Umaarufu.

Jumanne, 14 Mei

Shangazi ameacha vidonge tangu siku ile ya picha, anasema vinamchafua tumbo na kazi vimemaliza. Dawa ya kupaka amempa Godelieve ajaribu kwenye kisigino. Alhamisi ya wiki ijayo atawekwa dawa ya kulainisha, kisha asukwe mistari myembamba ya harusi, iliyokazwa sawasawa. "Miaka mitatu nimejificha," kasema. "Siku ya Nyawal nitakaa mbele kichwa wazi." Anaimba tangu asubuhi. Hata kibanda kimeng'aa.

Jumatano, 22 Mei. Lodwar

Njia imefunguka jana, nikapanda lori la mbao na kadi mfukoni. Leo asubuhi nimeingia kliniki ya daktari, karibu na nyumba ya wageni ya Nawoitorong, kifua mbele. Nikaweka picha mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

Daktari hakushangilia. Aliiingiza kadi kwenye kompyuta, akaikuza ile picha, akaikuza zaidi. "Niambie unachoona."

"Nywele zinaanza kutoka."

"Unywele, hata mfupi, una urefu. Una shina linaloingia tunduni. Hizi zimelala juu tu. Na tazama hapa, weusi umeingia kwenye mikunjo ya ngozi, umefuata mistari yake. Nywele hazioti kwa kufuata mikunjo." Akavua miwani. "Tut, ulifuta kwanza?"

"Kufuta nini?"

"Kichwa. Kwa spiriti. Uliniona nikifuta kila mara."

Nilimwona. Nilifikiri ni heshima tu, kama kunawa kabla ya kula. Na hapo nikamwona Shangazi siku ile, kitenge kipya, ananukia. Amejipamba kwa ajili ya picha kama wale wote wa ukumbini. Mafuta, na chini ya mafuta, kanta.

Nilitaka kucheka, haikutoka.

"Kwa hiyo chini ya rangi kukoje?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Hii ni picha ya rangi." Halafu akasema kosa ni lake pia, aliniambia niandike mambo matatu na yangekuwa manne. Nikamwambia nimemsamehe. Ndipo nikakumbuka. "Daktari, kesho wanamweka dawa ya kulainisha."

Akasimama. "Ile dawa kali? Pale pembeni panapowaka? Tut, matundu yaliyobaki tunaweza kuyapoteza yote."

Nikapiga simu. "Shangazi, zile si nywele, ni kanta!"

Akajibu: "Tut. Mara ya kwanza ulisema uwanja wa ndege. Mara ya pili ukasema msitu wa Kitale. Leo unasema rangi. Mdomo wako hauna mlango. Tafuta chakula ule." Akakata.

Daktari akapiga yeye mwenyewe. Mteja hapatikani. Simu ya Shangazi huzimika kila mtu akiihitaji. Tumepiga mpaka mchana, tumepiga mpaka jioni. Daktari amenipa chupa ya spiriti, pamba, na picha mbili, ya Machi na ya Mei, ndani ya bahasha ya nailoni. Lori la kwanza ni alfajiri.

Alhamisi, 23 Mei

Ninaandika nikiwa na matope mpaka masikioni.

Laga la mbele ya Kakuma lilikuwa limejaa maji usiku. Malori yamepanga foleni upande huu, madereva wamekaa kivulini wanapika chai kana kwamba wamehamia. Nikamwuliza dereva wetu tutavuka lini. "Laga likitaka," akasema, akaongeza sukari.

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa. Jua likapanda. Nikawaza Godelieve anavaa glavu. Maji yalipopungua hadi kiunoni, Waturkana kadhaa wakashikana mikono kuvuka na mbuzi wao. Nikashika mkono wa mwisho. Bahasha nimeiweka kichwani, nimeiuma kamba yake kwa meno. Katikati mbuzi mmoja alinikanyaga tumbo. Mzee aliyenishika akacheka, akasema neno ambalo sikulielewa na sitaki kutafsiriwa.

Toka pale nimekimbia na kutembea, nimetembea na kukimbia, hadi pikipiki moja ikanihurumia.

Harufu niliipata kabla ya kufika. Ile harufu ya dawa ya kulainisha, inayochoma pua. Nikaingia kibandani. Shangazi ameketi kwenye stuli, taulo shingoni, kioo mkononi. Godelieve amesimama nyuma, glavu mikononi, kopo liko wazi, kijiko kimeshachota.

"Godelieve, weka chini!"

"Ah, Tut! Umetoka kwa kaburi? Angalia matope!"

"Weka chini kwanza!"

Shangazi hakugeuka, alinitazama kwenye kioo. "Umekuja na hadithi yako."

Nilikuwa nayo, ndefu, nimeitunga laga zima. Sikuisema. Nilifungua chupa, nikachovya pamba, nikamfuta utosi kama daktari anavyofuta, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha nikampa ile pamba.

Ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Nje watoto walikuwa wanapigana kwa sababu ya tairi. "Hii yote?"

"Yote, Shangazi."

"Nilijipaka kwa sababu ulisema picha," akasema. "Mtu haji kwa picha hivi hivi."

"Najua."

Akajifunika uso kwa taulo. Godelieve akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akalifunika lile kopo. Nilitamani anipige kwa kitana. Niliondoa picha yangu ya msitu ukutani, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Halafu kuni zikaanguka mlangoni, bu! "Ejok-noi," akasalimu Nakeno. Akatuangalia mmoja mmoja, akaangalia pamba, akaangalia utosi. "Sasa hii kichwa ndio munalilia? Kichwa ni ya kubeba maji. Nyoa."

Taulo likatikisika. Nilidhani analia zaidi. Alikuwa anacheka, Shangazi, anacheka mpaka stuli inalia. Akafunua uso, macho mekundu. "Tut. Kaniletee mashine ya kinyozi."

"Sasa?"

"Kabla sijabadili nia. Na wewe ndiye utakayenyoa. Mkono wako si ndio ule wa nzi?"

Nimemnyoa. Fupi, sawa kote, ili kipara na nywele vikae pamoja kwa amani. Nikiri jambo moja: mkono ulitetemeka mwanzo hadi mwisho. Godelieve amerudisha dawa ya kupaka. Kisigino chake, anasema, hakikuwa na shukrani hata hivyo.

Jumamosi, 25 Mei

Harusi! Nyawal alikuwa mzuri, Kong alitoka jasho hadi tai ikabadilika rangi. Shangazi alikaa mbele, kichwa wazi, herini kubwa za shaba, shingo imenyooka kama ya malkia.

Kwetu mama akinyoa kichwa, watu hujua msiba umeingia. Bibi wawili wakamsogelea, sauti chini. "Nyachuol, pole. Nani amekufa?"

"Kanta," akajibu Shangazi.

"Kanta ni wa ukoo gani?"

"Alikuwa anakaa na mimi."

Mabibi walimwombea marehemu. Mimi nilitoka nje nikacheke vizuri. Niliporudi, mmoja wa wale mama wa ukumbini alikuwa amevua wigi kwa sababu ya joto, anajipepea nalo.

Alhamisi, 30 Mei

Mwanga: taa ya lensi. Sehemu: utosi. Nimefuta. Nimefuta mara mbili. Daktari anasema picha hii haitoshi kusema ugonjwa umesonga au haujasonga, wiki tatu bila vidonge zinaweza kujionyesha baadaye. Tungoje Julai.

Jumatano, 12 Juni

Wateja wa Shangazi hawakupungua. Wameongezeka. Wanakaa, wanamwangalia kichwa, wanasema, "Mimi usinikaze sana." Anawasuka legelege. Godelieve ananung'unika kwamba mistari legelege ni kama ndoa legelege, lakini anasuka vivyo hivyo.

Jumapili, 23 Juni

Joto. Shangazi kaniuliza kama naota ile punje. Nimesema hapana. Naiota.

Jumatatu, 8 Julai

Upepo umerudi. Hauna kitambaa cha kuruka nacho.

Alhamisi, 18 Julai

Mwanga: taa ya lensi. Sehemu: utosi, wa Shangazi.

Daktari alikuja na picha ya Machi. Shangazi hakuvaa kitenge kipya. Alikuja na lile gauni lake la kazini, kichwa kikavu, hana hata mafuta. Alikuja kama anayekwenda kuchota maji. Nikafuta, pamba ikatoka nyeupe, nikampa aione. Nikapiga. Nikaitoa picha, nikaziweka mbili mezani kwa Malith, bila maandishi.

"Ipi ni ya leo?" nikamwuliza.

Malith akatazama. Akazigeuza. "Usinichezee. Hizi ni picha moja umeitoa mara mbili."

Daktari akainama na kioo chake cha kukuzia. Akapima kutoka ukingo hadi punje, kwenye ya Machi, kwenye ya leo, akarudi ya Machi. Akaangalia zile kola za kijivu kuzunguka nywele, na hata mimi niliona zimefifia. Tulisikia mashine ya Malith ikipumua.

"Tatu," akasema.

"Bado tatu?" nikauliza. Miezi yote hii, sindano, vidonge, laga, mbuzi tumboni, na bado tatu.

Lakini Shangazi alikuwa haniangalii mimi. "Na punje?"

"Iko pale pale, Mama. Ukingo haujasonga hata unywele mmoja."

Vigelegele vile vilisikika mpaka soko la Waethiopia. Godelieve akaja mbio akidhani kuna mwingine ameposwa, alipoambiwa akacheza na ndoo mkononi. Shangazi akamkumbatia daktari, miwani ikaanguka, Malith akaidaka kwa mkono wake mrefu.

Nikasema, maana lazima mtu aseme, "Kelele zote hizi kwa kurudia darasa la tatu?"

Shangazi akanigeukia, mikono kiunoni, utosi wake unang'aa chini ya taa. "Ndiyo. Mimi nimerudia la tatu mbele ya watu wote na nimepiga vigelegele. Wewe la saba linakushinda nini?"

Malith alicheka mpaka akaegemea ukuta, akaipiga bega ile ndege ya ukutani. Daktari akasema shule zinafungua Septemba, na kwamba vichwa vinaweza kungoja jioni. Nikawaambia mimi ni mtu wa kazi nyingi, nitaangalia nafasi yangu. Sikusema nitakwenda. Waandike hivyo. Lakini nimemwuliza Kong kama vitabu vyake vya zamani bado anavyo, kwa udadisi tu.

Daktari alipokuwa anafunga mkoba, Shangazi akaketi kwenye kiti cha wateja, chini ya maporomoko ya maji, akaweka mikono magotini.

"Sasa nipige yangu," akasema. "Zote ulizopiga sina uso."

Malith, kwa mazoea, akamvutia kitana cha kamba. Shangazi akakiangalia, akamwangalia Malith, na hapo ndipo nilipobonyeza.

Tarehe: 18 Julai. Mwanga: wa mlangoni, jioni. Sehemu ya kichwa: yote.